Ng'ombe Hazeeki Maini: Historia Fupi ya Maneno ya Kurudisha Ujana

SEHEMU YA 1: "SISTA, NATAKA NGUVU ZIRUDI"

 

Wiki hii sileti ugonjwa, naleta maneno. Usicheke kwanza. Kazi ya muuguzi nusu ni mikono, nusu ni masikio. Neno analolichagua mgonjwa mlangoni ndilo linaamua apelekwe wapi na apimwe nini. Na kabla hajafika kwetu, neno hilohilo ndilo lilishaamua aende hospitali au aende kwa muuzaji wa chupa pale stendi.

Sentensi yenyewe unaijua: "Sista, nataka dawa ya kurudisha nguvu, nijisikie kijana tena."

Baba wa miaka 45 anaisema, naye anaamka kukojoa mara nne usiku na suruali zote zimempwaya. Mama aliyezaa watoto wanne bila kupumzika anaisema, na viganja vyake ni vyeupe kama karatasi. Mzee anaisema, kumbe dawa za presha aliziacha siku aliyojisikia nafuu. Sukari, upungufu wa damu, presha. Magonjwa matatu, sentensi moja. Na ukiuliza, wengi wameshamaliza chupa mbili tatu za "kurudisha ujana" kabla ya kumwona yeyote mwenye mashine ya kupimia.

Nikajiuliza, hivi hii sentensi tumeitoa wapi? Wazee wetu walikuwa wanasemaje? Nimefuatilia, na ninachotaka kukuonyesha katika sehemu hizi saba ni hiki: Kiswahili kina familia mbili za maneno ya kurudiwa na nguvu. Familia ya kwanza inamhusu mtu aliyeinuka kutoka kwenye ugonjwa. Ya pili inamhusu mtu anayetaka kurudisha miaka. Ya kwanza ina ushahidi mwingi, mpaka hapahapa kwetu. Ya pili imekuwa ikiuzwa kwa karne nyingi, na kila anayeiuza anahitaji wewe kwanza ukubali kwamba tatizo lako ni umri.

Tuanze na neno unalolitamka kila asubuhi.

Ukiulizwa "Mzima?" unajibu "Mzima." Maana yake huumwi, uko hai, hujapungukiwa. Mkate mzima haujakatwa. Sasa angalia: mtu aliyekomaa kiumri tunamwitaje? Mtu mzima. Neno lilelile! Anayeamka bila homa na mwenye miaka 50 wote wanaitwa wazima. Wahenga wakaongeza: utu uzima dawa.

Yaani lugha yetu haikuuweka uzima kwenye ujana. Iliuweka kwa mtu aliyekamilika. Kijana alikuwa bado anaelekea huko. Shika hilo, tutalihitaji mbele.

SEHEMU YA 2: NSUMBA NA NAMHALA

Turudi nyumbani Usukumani.

Kijana wa kiume anaitwa nsumba, wakiwa wengi basumba. Mzee ni namhala, wakiwa wengi banamhala. Waliokua vijijini wanajua kwamba haya hayakuwa maneno ya sura ya mtu. Yalikuwa maneno ya nafasi na kazi. Basumba ndio waliitwa kulima kwa pamoja, kujenga, kubeba kilicho kizito, na walikuwa na kiongozi wao, nsumba ntale. Banamhala ndio walikaa kuamua kesi, kutoza faini, kusuluhisha ndoa na mipaka.

Nguvu, au nguzu kwa Kisukuma, ilikuwa mali ya basumba kwa sababu kazi ya jembe iliwahitaji. Namhala hakuhitaji kujifanya nsumba. Angerudi huko kufanya nini? Alikuwa na sauti ambayo nsumba hakuwa nayo. Heshima yake haikupimwa kwa idadi ya mistari aliyolima siku hiyo.

Hata ngoma zetu zinasema kitu. Bagalu na Bagika, yale makundi mawili ya ngoma yaliyoanza karne ya 19 kwa waganga wawili, Gumha na Ngika, yalishindana kwa dawa. Watu walitafuta bugota, yaani dawa, ya kuvuta watazamaji na kumshinda mpinzani. Dawa ya mvuto tulikuwa nayo muda mrefu, na sioni sababu ya kujidanganya kwamba mambo haya yameletwa na wageni. Lakini dawa ile ilikuwa ya kushinda siku ya ngoma. Hakuna aliyetarajia kuamka kesho yake ana miaka 20.

Ila sitaki kuwapamba wazee wa zamani wakati upande mmoja unavuja damu. Heshima ya uzee haikugawiwa sawa. Ninyi wa Kanda ya Ziwa mnajua maneno "mauaji ya vikongwe." Wanawake wazee wameuawa kwenye mikoa yetu kwa kushukiwa uchawi, na mara nyingi "ushahidi" ulikuwa macho mekundu. Macho hayo yalitokana na nini? Miaka 50 ya kupikia kuni na mavi ya ng'ombe jikoni kusiko na dirisha. Moshi tu, jamani. Na mtoto wa jicho, na vikope.

Kwa hiyo mwanamume akizeeka aliitwa namhala akakaribishwa barazani, na mwanamke akizeeka angeweza kuitwa jina lingine akaogopwa. Ndiyo maana nikimsikia mama wa makamo akisema "nataka nionekane kijana," sikimbilii kusema ni urembo tu. Kwa mwanamke wa huku kwetu, kuzeeka kumewahi kuwa hatari ya uhai wake. Neno "ujana" linabeba hofu hiyo pia.

SEHEMU YA 3: MANENO YALIYOFIKA KWA JAHAZI

Sasa tushuke pwani kidogo, kwa sababu maneno mengi tunayoyatumia wodini yalipitia huko.

Afya ni neno la Kiarabu. Siha pia. Hai na uhai ni Kiarabu, na kutoka mzizi huohuo tukapata kuhuisha, yaani kurudishia uhai. Neno zuri kweli. Leo unalisikia wapi? Ofisini: "Watumishi wote wahuishe taarifa zao." Neno la kumrudisha mtu limegeuka la kurudisha fomu.

Nishati nalo ni neno la Kiarabu, na huko lilikotoka ni uchangamfu wa mtu, ile hali ya kuamka na hamu ya kazi. Sasa hivi ukisema nishati mtu anafikiria wizara, umeme na gesi. Ndiyo maana mgonjwa hasemi "sina nishati." Anasema "betri imeisha" au "chaji imekata." Tumempa Tanesco neno letu, tukaazima la simu.

Ndugu wa nishati wapo wengi. Fiti tumelichukua kwa Waingereza. Ngangari lilivuma kwenye siasa za uchaguzi wa mwaka 2000, chama cha CUF kikijisifu kwamba kiko ngangari na polisi wakajibu kwamba wao ni ngunguri. Uchaguzi ukapita, neno likabaki, leo babu wa miaka 80 anayepanda baiskeli tunasema yuko ngangari. Vijana wa mazoezi wanasema tizi. Maneno ya nguvu hayazeeki, kila kizazi kinatengeneza lake.

Na ujana je? Ujana, kijana na mwana ni ndugu wa mzizi mmoja wa Kibantu, uleule ulio ndani ya ng'wana ya majina yetu ya Kisukuma. Maana yake ya ndani ni utoto wa mtu fulani: mwana wa nani. Wapo wanaotania kwamba ndani ya u-jana mna jana, na jana hairudi. Ni utani tu, lakini methali inasema hivyohivyo: ujana ni moshi, ukienda haurudi.

Methali hiyo ina mpinzani wake, na ndiye niliyempa kichwa cha mfululizo huu: ng'ombe hazeeki maini. Unajua inasemwa lini na inasemwa na nani. Ni mzee mwenye tabasamu la pembeni, akimaanisha mwili umechakaa lakini kule ndani mambo bado. Wahenga waliacha methali zote mbili ziishi pamoja. Moja inakwambia ukubali, nyingine inakuachia ucheke.

Kicheko hicho kina duka lake tangu zamani. Pwani kuna alkasusu. Wenzetu wa Kakamega kule Kenya wana mukombero, mzizi wanaoutafuna, na ng'ambo ya ziwa Uganda mmea huohuo unaitwa mulondo. Nchi mbili, majina mawili, mzizi mmoja, sifa ileile. Kwetu kuna mkuyati na vumbi la Kongo. Mtu alitafuna, akacheka na wenzake, akaenda zake nyumbani.

Tuliyonayo leo ni biashara ya aina nyingine. Ili uielewe lazima tupite Paris.

SEHEMU YA 4: MZEE WA MIAKA 72 NA SINDANO YAKE

Simulizi ya kurudisha ujana ni kongwe kuliko nchi zote unazozijua. Huko Mesopotamia, Iraki ya leo, kuna hadithi ya mfalme Gilgamesh aliyeupata mmea wa kumrudisha mzee ujanani. Alipokuwa anaoga nyoka akaula, akajivua gamba akaenda zake. Watu wa kale walimwona nyoka anabadilisha ngozi, wakahitimisha kwamba siri anayo yeye.

Ruka miaka maelfu. Tarehe 1 Juni 1889, mjini Paris, mwanasayansi mkubwa alisimama mbele ya wenzake. Anaitwa Charles-Édouard Brown-Séquard, mzaliwa wa Mauritius, kisiwa cha Bahari yetu ya Hindi. Hakuwa tapeli. Alikuwa bingwa wa mishipa ya fahamu, na hadi leo kuna aina ya jeraha la uti wa mgongo inayoitwa kwa jina lake. Alikuwa na miaka 72.

Akawaambia kwamba amejidunga maji yaliyokamuliwa kutoka kwenye korodani za mbwa na za simbilisi, na nguvu zimerudi: anapanda ngazi kwa haraka, anabeba uzito zaidi, anakaa maabara saa nyingi bila kuchoka. Habari zikaenea dunia nzima, na wauzaji wakaanza kuuza dawa zao wakitumia jina lake.

Leo tunajua nini? Homoni ya kiume haiyeyuki vizuri kwenye maji. Kwenye ule mchanganyiko wake haikuwemo, au ilikuwa kidogo mno kufanya lolote. Alichokihisi kilitoka kwenye matumaini yake mwenyewe. Na alikihisi kweli! Hapo ndipo pagumu. Mtu akikwambia "nilikunywa nikajisikia kijana," usimwite mwongo. Hali ya kujisikia hupanda kwa matumaini, hushuka kwa hofu. Brown-Séquard alifariki mwaka 1894, miaka mitano tu baada ya hotuba ile.

Mwaka 1920, Paris hiyohiyo, daktari Serge Voronoff akaanza kupandikiza vipande vya korodani za nyani na sokwe kwa wanaume waliotaka kurudi ujanani. Alitajirika, akawa na shamba lake la kufugia wanyama hao. Baadaye watu wakaacha kumwamini.

Mwaka 1935 homoni yenyewe, testosteroni, ikatambuliwa na kutengenezwa, na Adolf Butenandt na Leopold Ružička wakapewa Nobeli ya Kemia mwaka 1939. Ni dawa halali, ina wagonjwa wake wachache waliopimwa na kuonekana wamepungukiwa. Haikumfanya mzee yeyote kuwa kijana.

Nimeipitia hadithi hii ili tuelewane. Mtu wa Bariadi anayenunua chupa ya kurudisha ujana si mshamba. Mabingwa wa Ulaya walijidunga maji ya mbwa na matajiri wao wakashonewa viungo vya nyani. Hamu ni ileile, ni binadamu tu.

SEHEMU YA 5: "HESHIMA YA NDOA"

Mwaka 1998 Marekani iliidhinisha kidonge cha sildenafili, jina la dukani Viagra. Kilianza kufanyiwa utafiti Uingereza kama dawa ya maumivu ya kifua yatokanayo na moyo. Moyo hakikuusaidia sana, ila wanaume kwenye majaribio wakaona badiliko lingine. Hiki kidonge kinafanya kazi kweli: kinapanua mishipa ya damu, damu inafika inakotakiwa. Hakirudishi umri. Kinafungua bomba kwa saa chache.

Baada ya hapo tangazo likabadilika lugha. Sikiliza gari la matangazo siku ya gulio: nguvu za kiume, heshima ya ndoa, kurudisha ujana, kusafisha damu, kutoa sumu mwilini. Chupa moja inatibu vyote. Kina mama nao wana meza yao: kurudisha usichana, kubana baada ya uzazi, kung'arisha ngozi. Neno "kurudisha" limo kwenye kila sentensi. Ili mtu akuuzie kitu cha kurudisha, lazima kwanza akushawishi kwamba umenyang'anywa.

Sasa nivae gauni langu la kazi, nikueleze taratibu.

Kwanza, baba. Mishipa ya uume ni myembamba kuliko ya moyo. Ikianza kuziba kwa sababu ya sukari, presha, sigara au mafuta, ile myembamba inalia mapema. Kwa hiyo tatizo la chumbani linaweza kuwa kengele ya moyo, linakuja kabla ya kifua kuuma, wakati mwingine miaka kadhaa kabla. Ukiizima kengele kwa chupa, moto unaendelea kuwaka.

Pili, mamlaka za dawa za nchi nyingi zimekuta bidhaa zinazoitwa "za asili tupu" zimechanganywa na sildenafili kimyakimya. Unadhani ni mizizi, kumbe umemeza kidonge bila kujua kipimo chake. Kama unatumia dawa za moyo za jamii ya nitreti, zile za kuweka chini ya ulimi, mchanganyiko huo unaweza kushusha presha mpaka ukapoteza maisha. Hapa kwetu mamlaka ya kupeleka malalamiko ya dawa ni TMDA, na tiba asili ina baraza lake lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2002. Mganga aliyesajiliwa ana cheti. Muulize, ni haki yako.

Tatu, mama. Uke unajisafisha wenyewe. Unga, shabu na majani unayoweka kule ndani "kurudisha usichana" vinachubua, vinaua bakteria wazuri, vinafungua mlango kwa maambukizi pamoja na virusi vya ukimwi. Mafuta ya kung'arisha yenye zebaki yanapita kwenye ngozi yanaenda kukaa kwenye figo.

Na nne, kwa wote: maini ya ng'ombe huenda hayazeeki, ya binadamu yanaharibika. Ini ndilo linalochambua kila ulichokunywa. Ukichanganya chupa usizojua kilichomo, na gongo juu yake, lenyewe halina methali ya kulitetea.

SEHEMU YA 6: MWAKA WA KIKOMBE

Mwaka 2011 Simiyu yetu ilikuwa haijazaliwa, Bariadi ilihesabiwa Shinyanga. Mwaka huo Watanzania tulijifunza maana mpya ya neno kikombe.

Katika kijiji cha Samunge, Loliondo, upande wa pili wa Serengeti kutoka kwetu, mchungaji mstaafu wa KKKT, Ambilikile Mwasapile, aliwagawia watu dawa ya mti unaoitwa mugariga. Kikombe kimoja, shilingi 500, unakunywa mara moja basi. Alisema ameoneshwa na Mungu, na kwamba kinaponya ukimwi, kisukari, kansa na presha. Magari yakapanga foleni ya kilomita nyingi porini. Walienda maskini, walienda viongozi, walitoka Kenya na kwingineko. Mwezi Machi ilibidi watu waombwe wasije kwanza, foleni ipungue. Wapo waliofia njiani. Na wapo waliorudi wakaacha ARV na sindano za insulini kwa sababu walishakunywa. Mzee Mwasapile alifariki mwaka 2021.

Sitaki kumcheka aliyekwenda. Angalia maneno yaliyotumika. Babu hakuahidi ujana. Neno lake lilikuwa kupona, neno la familia ya kwanza. Ndiyo maana lilivuta umati kuliko chupa yoyote ya stendi. Watu hawa hawakuwa wanatafuta urembo. Walikuwa wamechoka kumeza vidonge kila siku bila mwisho, na neno "kupona" lina mwisho. Sisi wa hospitali tunasema "dawa za maisha," maneno mazito mno kubebwa na mtu wa miaka 30. Kikombe kilitushinda kwa maneno.

Mwaka huohuo, kwa sadfa tu, chama tawala kilikuwa kinazungumzia kujivua gamba, nchi nzima ikalishika neno. Yule nyoka wa Gilgamesh akaibukia Dodoma! Kila kizazi kinatamani kuvua ngozi ya zamani kwa siku moja. Mwili wa binadamu hauna utaratibu huo. Unabadilisha ngozi yake kidogo kidogo, kila siku, bila sherehe.

SEHEMU YA 7: WALIORUDI KWELI

Namalizia na familia ya kwanza, maana ndiyo niliyoiandikia yote haya.

Januari 1922, Toronto, Kanada. Mtoto wa miaka 14, Leonard Thompson, amelazwa na kisukari akiwa chini ya kilo 30. Wakati huo mtoto kama yeye alikuwa anasubiri kufa. Akachomwa insulini. Sindano ya kwanza haikuwa safi ikashindwa. James Collip akaisafisha zaidi, wiki mbili hazijaisha akachomwa tena, sukari ikashuka, nguvu zikarudi. Aliishi miaka 13 zaidi. Linganisha na mzee wa Paris: hapa palikuwa na kipimo kabla na kipimo baada, haikutegemea mtu kajisikiaje.

Kwetu, mwaka 2004 serikali ilianza kutoa ARV bure. Wenye umri wangu na zaidi mnakumbuka ilivyokuwa kabla: mtu anarudishwa kijijini kutoka Mwanza amebebwa kwenye godoro, ndugu wanaulizana kuhusu mbao. Kisha vidonge vikaja. Aliyebebwa akakaa. Akaomba uji. Akasimama mlangoni akishika fremu. Mwaka uliofuata unamkuta shambani kwenye pamba. Watu walisemaje? Hawakusema "amekuwa kijana." Walisema amenawiri. Ameshika mwili. Ameinuka. Wengine walisema amefufuka, na sikuona haja ya kuwasahihisha.

Hayo ndiyo maneno yetu: kupata nafuu, kuinuka, kuchangamka, kunawiri, kushika mwili, kuwa mzima. Hakuna hata moja linalotaja umri. Bibi wa miaka 75 anaweza kunawiri. Namhala anaweza kuchangamka. Na hakuna anayepaswa kuwa kijana ili awe mzima, lugha ilishatuambia tangu Sehemu ya 1.

Mkoa wetu una wezi wa nguvu wanaojulikana. Kichocho kimejaa Kanda ya Ziwa, unakipata kwenye majaruba ya mpunga na malambo, kinakunyonya damu polepole miaka na miaka. Dawa yake ipo, inaitwa prazikwanteli. Malaria za kujirudia. Minyoo. Uzazi wa mfululizo. Kifua kikuu kisichotibiwa. Presha na sukari ambazo haziumi mpaka zimeharibu. Wote hao wakikuibia, wanaacha jina moja mlangoni: "uzee."

Kwa hiyo ukija hospitali, au hata zahanati ya kijijini kwenu, usitupe neno "nguvu" peke yake ukaliacha hapo. Lipasue. Sema hivi:

Nachoka tangu lini. Nachoka nikifanya nini: nikilima, nikipanda kilima, au hata nikikaa. Nahema au sihemi. Usiku naamka kukojoa mara ngapi. Kiu ikoje. Mwili umepungua au umevimba. Usingizi upo? Hamu ya kula ipo? Hedhi inatoka nyingi kiasi gani. Mkojo una damu? Chumbani kuna tatizo, na asubuhi mwili unaamka au hauamki. Nina huzuni, sioni sababu ya kuamka. Na hili la mwisho usilifiche: nimeshakunywa chupa gani. Njoo nayo, hata ikiwa tupu. Hatukugombezi.

Baba, aibu ya hilo la chumbani ibaki nje ya mlango. Kama unaona vigumu kumweleza binti mdogo kama mimi, omba muuguzi mwanamume. Tutakutafutia.

Halafu uliza namba zako, uziandike. Presha ikirudiarudia kuwa 140/90 au zaidi, hiyo ni presha. Sukari kabla hujala, ikiwa 7 au zaidi, lazima ifuatiliwe. Damu kwa mwanamume isiwe chini ya 13, kwa mwanamke asiye mjamzito isiwe chini ya 12. Hizo namba nne hazijali una miaka 25 au 85. Zikikaa sawa, ni dalili njema.

Wazee wenye miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo, sera inasema watibiwe bure. Ulizeni utaratibu kwa mtendaji wa kijiji au wa mtaa mapema, kabla ya kuugua. Mtoto, mjukuu, mpeleke bibi akapimwe macho. Yale mekundu yana dawa, na mtoto wa jicho anafanyiwa upasuaji. Bibi akiona vizuri, akatembea mwenyewe mpaka gulioni akiwasalimia watu, na majirani wanaacha kunong'ona.

Na yule mzee wa tabasamu la pembeni aendelee na methali yake, ni yetu sote. Ila kabla ya gulio lijalo apite kwanza apime presha. Haichukui dakika tano.

 Mtumie huu mfululizo yule unayemfahamu ambaye siku hizi anasema "umri umeenda" na bado hajafika hata miaka 50.